Seestar S50 mbele ya NGC 1365: lenzi ndogo, galaksi ya mbali

Galaksi ya NGC 1365 ni mtihani mgumu kwa darubini yenye lenzi ya milimita 50. Iko kwenye kundinyota la Tanuri, takriban miaka ya nuru milioni 56 kutoka hapa, na uzuri wake wote ni umbo: ufito mnene wa nyota umekatiza kiini, na kila ncha ya ufito imetoa mkono mmoja mrefu uliopinda. Seestar S50, darubini ya kampuni ya ZWO, haina pa kuweka jicho. Hupiga picha fupi nyingi, ikazijumlisha yenyewe, na wewe unaitazama galaksi ikijitokeza kwenye simu.

Kichujio cha mwanga wa mji kizimwe kabla ya kuanza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kichujio hicho hupitisha mwanga wa haidrojeni na oksijeni tu, jambo linalozifaa nebula, yaani mawingu ya gesi angani. Galaksi hung'aa kwa nyota, na mwanga wa nyota umetapakaa rangi zote, kwa hiyo ukikiacha unatupa sehemu kubwa ya mwanga unaoutafuta. Dawa ya mwanga wa mji ni kuuhama, na kukwepa usiku wa mbalamwezi.

Kila picha iwe ya sekunde 10. Darubini hii hugeuka kushoto-kulia na juu-chini, hivyo anga huzunguka taratibu ndani ya fremu. Kwa mtu wa Dar es Salaam, mwishoni mwa Desemba galaksi hii hufika kileleni upande wa kusini karibu saa tatu na nusu usiku, nyuzi 61 juu ya upeo, na hapo mzunguko hufikia nyuzi 30 hivi kwa saa. Ukiweka sekunde 30, nyota za pembeni zinavutika kama punje za mchele. Galaksi yenyewe, ikiwa katikati, haidhuriki sana. Afadhali kuanza saa mbili, ingali inapanda.

Dakika 15 zinatosha kuonyesha ufito, lakini mikono bado ina chengachenga. Fika saa nzima, yaani picha 360 zilizokubaliwa: muda ukizidi mara nne, chengachenga hupungua kwa nusu. Upepo ukitikisa stendi, picha mbovu hutupwa, kwa hiyo tenga muda wa ziada. Ukanda wa pwani umande hushuka mapema. Washa kipasha joto cha lenzi na uchomeke pawabanki, maana kinakula betri.

Udhaifu wake uko kwenye ukubwa wa picha. Kila pikseli hubeba sekunde 2.4 za tao (kipimo cha pembe angani: nyuzi moja ina dakika 60 za tao, na dakika moja ina sekunde 60), kwa hiyo galaksi yote, yenye upana wa dakika 11 za tao, inapata pikseli 275 tu. Ufito na mikono vinasomeka vizuri. Michirizi ya vumbi ndani ya ufito inabaki kivuli. Ukivuta picha zaidi ya hapo, unakuza ukungu. Kwa chombo kilichoingia sokoni 2023 kwa karibu dola 500, kabla ya usafiri na ushuru, sijui kingine cha bei hiyo kinachokupa ufito huu kwa urahisi namna hii.