Semina ya Dementia Friends ukumbini kwetu Milton Keynes: ikija mtaani kwenu, nendeni

Nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, huu mwaka wa tisa. Nimewaogesha, nimewalisha na nimekesha na Waingereza wenye demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Ungeniuliza Alzheimer, ugonjwa unaoongoza kuileta, ni nini, ningekujibu bila kusita. Lakini mama yangu alipoanza kuniuliza mara tano kwa siku kama samaki wameshaletwa, nilisema uzee. Sufuria ikaungulia jikoni, nikasema amechoka. Akavaa buibui saa nane za usiku akitaka kurudi kwao Tanga, na hapo pia nikatafuta la kusema. Kazini maradhi haya nilikuwa nayajua kwa jina, nyumbani nikayaficha kwa miaka miwili.

Kwa hiyo niliposikia chama chetu kimeleta semina ya Dementia Friends Jumamosi mchana, nilikwenda nimejikaza, nikidhani sitasikia jipya. Mpango wenyewe ni wa shirika la Alzheimer's Society na ulianza hapa Uingereza mwaka 2013, kwa wazo lililotoka Japani. Kule tangu 2005 wanawafundisha watu wa kawaida, wakiwemo wafanyakazi wa benki na watoto wa shule, namna ya kumwelewa mtu mwenye demensia anayetokea mbele yao. Semina ni bure na inachukua kama saa moja. Anayeiongoza ni mtu wa kujitolea, si daktari, na hilo lilisaidia, maana watu waliuliza maswali ambayo mbele ya daktari wangeyameza.

Tulikuwa watu ishirini na wawili, wanaume wanne tu.

Kitu kilichonifungua macho ni kabati la vitabu. Tuliambiwa tumfikirie mzee kama kabati refu. Rafu ya juu kabisa ina kitabu cha leo asubuhi: amekunywa nini, nani amepiga simu. Ukishuka usawa wa magoti unakuta ujana, na chini miguuni ni utoto. Demensia inalitikisa kabati hilo. Vitabu vya juu vinaanguka kwanza, vya chini vinabaki. Nilikaa pale nikamwona mama. Kumbe anapouliza samaki hanisumbui. Rafu iliyobaki imara ni ile ya Tanga, msichana anayemngoja baba yake arudi na ngalawa, na samaki kweli bado hawajaletwa.

Halafu likaja kabati la pili, la hisia, na hili mbao zake ni ngumu zaidi. Mgonjwa anaweza kusahau kuwa ulimtembelea, lakini ile furaha ya kutembelewa ikabaki naye hadi jioni. Na ukimkaripia, atasahau ulichosema, uchungu abaki nao bila kujua umetoka wapi. Nilikumbuka siku niliyomwambia, "Mama, nimeshakujibu!" kwa sauti ambayo kazini singethubutu kuitumia.

Jirani yangu alikuwa amekaa safu ya mbele. Zamani alikuja kwa mama kila wiki, kisha akaacha. Aliniambia wazi, "Dada, nije nifanye nini, na hata hanitambui?" Sikuwa na jibu. Ukumbini hakusema neno. Alhamisi alibisha hodi na sahani ya visheti. Mama akamwita kwa jina la marehemu dada yake, naye akaitika, "Abee." Wakakaa saa nzima.

Kuna mzee wetu mmoja mwenyeji wa Shinyanga aliyeinua mkono karibu na mwisho. Alisema bibi yake alikuwa akitoka usiku, akikutwa kwenye uwanja wa watu anaongea peke yake, na wakaanza kunong'ona kuwa ni mchawi. Ilibidi wamhamishe. "Leo ndiyo nasikia huenda alikuwa anaumwa," akasema. Ukumbi mzima ulinyamaza. Sote tunajua vikongwe waliouawa Kanda ya Ziwa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni. Kwa mimi, dakika zile peke yake zilitosha kuifanya semina hii iwe na thamani.

Sasa yasiyonipendeza, na haya ni yetu wenyewe tulioandaa. Hatukupanga mkalimani. Mimi na kijana mmoja tulitafsiri kwa kupokezana, na tukakwama kwenye neno lenyewe. Mmoja akasema "kichaa", mwingine "kurukwa na akili", mwingine "kurudi utotoni". Hili la mwisho linasemwa kwa upole, lakini silikubali hata kidogo. Mama amezaa na kulea watoto sita, si mtoto. Tulimaliza na "maradhi ya ubongo", na nadhani ndilo sahihi, kwa sababu jambo la kwanza walilotufundisha ni kwamba demensia inaletwa na magonjwa yanayoharibu ubongo, Alzheimer ikiongoza, na si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Pia tuliwaacha watoto wakimbie ukumbini, na wazee wawili walioketi nyuma hawakusikia kitu.

Mjue pia semina haikufundishi kuuguza. Hutatoka pale unajua namna ya kumwogesha asiyetaka kuogeshwa, wala fomu gani ya kujaza. Kwa hayo nilianza kwa daktari wa familia, akatupeleka kliniki ya kumbukumbu. Semina ni ya majirani, watu wa msikitini na kanisani, na muuza duka ambaye mama akisimama mbele yake na sarafu mkononi, hajui za nini, atamsubiri.

Wanakupa beji ndogo ya ua la buluu. Yangu nimeibandika kwenye mtandio wa mama, ameipenda.

Tunarudia Septemba, karibu na tarehe 21, Siku ya Alzheimer Duniani. Safari hii ni Jumapili baada ya chakula, mkalimani amepatikana, na chumba cha watoto kiko kando. Akina baba, tunawangoja.