TAHADHARI: "Lapis ya Mererani" inayouzwa Arusha ni jiwe jeupe lililotiwa rangi

Wakuu, hasa mnaotunga shanga na hereni za kuuzia watalii, kuna kijana anazunguka maeneo ya Mnara wa Saa na nyuzi za shanga za bluu. Anadai ni lapis lazuli (jiwe la bluu la mapambo) ya Mererani, "ndugu yake tanzanite". Nimechukua nyuzi 12 kwa elfu kumi na tano kila moja. Laki na themanini imeondoka.

Hilo jina tu lilitosha kunistua. Mererani ni tanzanite, iliyogunduliwa 1967, tena ni jiwe linalopitisha mwanga. Lapis haipitishi. Inayosifika zaidi hutoka Badakhshan, Afghanistan, inakochimbwa tangu zaidi ya miaka 6,000. Nyingine Chile na huko Baikal, Urusi. Nyusi za kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun ni lapis hiyohiyo. Wachoraji wa Ulaya waliisaga wakapata bluu ya bei mbaya, mpaka Mfaransa Guimet alipoweza kuitengeneza kiwandani miaka ya 1820. (Bluu ya namna hiyo ya kiwandani ndiyo mama zetu walitia kwenye maji ya kusuuzia mashati ya shule.)

Sasa sikilizeni alivyonipata. Pamba na asitoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, alizitoa yeye mwenyewe mfukoni. Akachagua punje yeye, akaisugua, pamba ikabaki nyeupe pe. Nikalainika. Kumbe punje ile moja ndiyo ilikuwa halali.

Siku ya tatu mteja wangu akarudi, shingo ina utepe wa bluu. Aibu niliyoipata! Nikapasua punje kwa nyundo: ndani nyeupe kama chaki. Vidoa vya dhahabu, ambavyo kwenye lapis halisi ni madini ya pairaiti, hapa ni rangi ya brashi, vinakwanguka kwa ukucha.

Kwa hiyo punje ichague wewe, katikati ya uzi, na pamba uipitishe hadi kwenye tundu la kupitishia uzi, maana huko ndiko weupe unakojificha. Bluu iliyolingana punje zote, bila doa wala mshipa mweupe, itilie shaka. Mzigo ukiwa mkubwa, peleka kwanza Kituo cha Jemolojia (elimu ya vito), kipo hapahapa Arusha.

Namba yake haipatikani tena. Nyuzi 11 ninazo bado, anayetaka kuziona ili azijue aje inbox.