Baiskeli ya graveli kwa milima ya Usambara: pima nafasi ya tope kabla hujatoa hela

Novemba mwaka juzi nilibeba baiskeli begani kutoka ndani ya msitu wa Magamba mpaka barabara ya Lushoto. Tairi halikupasuka, cheni haikukatika. Gurudumu la nyuma liligoma kuzunguka, basi. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha usiku kucha, na udongo mwekundu ulijishindilia kati ya tairi na fremu mpaka ukawa kama tofali. Nilichokonoa kwa kijiti, nikaenda hatua hamsini, ukajaa tena. Mara ya nne nikaacha.

Baiskeli ile ya graveli, yaani yenye hendeli zilizojikunja na iliyotengenezwa kwa barabara za vumbi na changarawe, nilikuwa nayo wiki tatu tu. Mtumba wa Ulaya, nimeununua Dar es Salaam kwa shilingi milioni 3 na laki 2. Fremu ya kaboni, breki za diski, mbele gea moja na nyuma 11. Muuzaji aliniambia, "Dada, hii inakula tairi la 40 bila shida." Kweli tairi la upana wa milimita 40 lilikuwa linaingia. Lakini nyuma ya pedeli, pale miguu miwili ya fremu inapobana kulipisha gurudumu, palibaki uwazi wa kupitisha sarafu. Nilipoiosha nyumbani nikakuta rangi imelika pande zote mbili na nyuzi za kaboni zinaonekana. Ule mchanga ulio ndani ya tope ulikuwa umeisaga fremu kama msasa.

Nilipokisimulia kisa hiki kwa mara ya kwanza, wasomaji wawili walinitumia picha zilizofanana na yangu kabisa. Mmoja yuko Njombe, mwingine alikuwa Marangu. Wote wawili waliuliza uzito, waliuliza gea, waliuliza breki. Nafasi ya tope, yaani ule uwazi kati ya tairi na fremu, hakuna aliyeiuliza, nami sikuiuliza. Ndiyo maana mwongozo huu unahusu jambo hilo moja. Uzito na idadi ya gea muuzaji atakutajia hata kama hujafungua mdomo.

Tuanze na barabara zenyewe. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni lami, kilomita 33 za kupanda, hapo baiskeli yoyote nzima itakufikisha. Shida inaanza ukiingia msituni. Chini ya mikulo na mipodo jua haligusi ardhi, kwa hiyo mvua ya Jumatatu bado unaikuta njiani Jumatano, wakati sehemu za wazi kuelekea Lukozi zimeshakauka na zinatimua vumbi. Halafu kuna upande wa Shume, kwenye mashamba ya misonobari. Malori ya magogo yanasaga barabara mpaka inakuwa unga, mvua inaugeuza unga kuwa uji, na juu yake zinadondoka zile sindano za misonobari. Aliyewahi kukandika nyumba anajua kazi ya nyasi kwenye udongo. Sindano zinafanya kazi hiyo hiyo kwenye fremu yako: zinashikamanisha tope, na likishashikamana halidondoki lenyewe.

Sasa kipimo. Usimuulize muuzaji "inaingia tairi la ngapi." Chukua elenkii namba 6, ule ufunguo wa pembe sita uliopinda kama herufi L. Upitishe kati ya tairi na fremu, kulia na kushoto, nyuma ya pedeli. Kisha upitishe chini ya shingo ya foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, na mwisho pale juu nyuma ambapo miguu ya fremu inakutana karibu na siti. Zungusha gurudumu taratibu huku ufunguo uko mahali pake. Ukikwama popote, hiyo si baiskeli ya msitu. Milimita 6 ndicho kiwango changu cha chini kabisa, na kwa masika nataka 8 au zaidi. Angalia pia rimu. Tairi lililoandikwa 40 likifungwa kwenye rimu pana linaweza kutanuka likafika 42, na hizo mbili zinatoka kwenye nafasi yako.

Kuna namba moja kwenye karatasi za kiwanda inayowapotosha wengi. Kampuni ikisema fremu inabeba tairi la mwisho la 45, maana yake ukifunga hilo 45 unabaki na nafasi ndogo tu ya usalama, na ya tope haimo. Mimi natoa milimita 5 kwenye namba ya kiwanda, kinachobaki ndilo tairi langu. Fremu ya 45 naifunga 40. Fremu ya 40 naiacha dukani.

Kwa hesabu hiyo, ya kwanza kwangu ni Giant Revolt Advanced, toleo lililotoka mwaka wa modeli 2022 na kuendelea, na sioni haja ya kuficha kwamba naipenda. Pale ekseli ya nyuma inapokaa kuna kipande kidogo cha chuma kinachogeuzwa. Kikikaa upande mfupi, fremu inapokea tairi la 42. Kigeuze upande mrefu, gurudumu linarudi nyuma na fremu inapokea mpaka 53. Sijaona wazo zuri kuliko hilo kwa mtu wa milimani. Yangu imekaa upande mrefu mwaka mzima na tairi la 45, na nyuma ya pedeli napitisha kidole. Aprili nilipita Shume asubuhi baada ya mvua kubwa. Tope lilijaa, likazunguka na tairi, likatoka lenyewe. Nilisimama mara moja tu kwenye kilomita zote zile, nayo ilikuwa ya kutazama mbega. Wanaosema upande mrefu unaifanya baiskeli iwe nzito kukata kona wana haki kwa barabara zao. Kwenye mteremko wa udongo unaoteleza, mimi nautaka huo utulivu.

Ya pili ni Canyon Grizl. Kwa toleo la kwanza kiwanda kilitaja 50, iwe ya alumini au ya kaboni, na kwa bei ile ya alumini sijui kama kuna inayoizidi. Kinachoishusha ni kwamba ni ya Kijerumani na kampuni huwauzia wateja moja kwa moja kwa mtandao. Huku kwetu unaipata kwa kuagiza kupitia ndugu, au kwa bahati ya mtumba. Angalia jina vizuri: Grail ni ndugu yake, imetengenezwa kwa ajili ya mbio, na toleo lake la kwanza linaishia 42. Watu huzichanganya.

Ya tatu Specialized Diverge, toleo lililoanza 2021, ambalo linabeba 47. Nyingi zina kifaa cha springi chini ya hendeli, na viganja vinakishukuru kwenye mawe ya kuelekea Mtae. Ila nikitoa zile 5 zangu nabaki na 42, nayo kwa vuli inatosha, kwa masika inabana.

Trek Checkpoint ya alumini naiweka ya nne, kwa sharti. Toleo la tatu, la 2024, linafika 50 na lingestahili kupanda juu. Zilizotangulia zinaishia 45, na ndizo zilizojaa kwenye mitumba. Muuzaji atakwambia "Checkpoint" bila kutaja mwaka. Mbane.

Za bei nafuu? Baiskeli ya zamani ya mlimani ya inchi 26, yenye foku ngumu isiyo na springi, ina nafasi nzuri kuliko nyingi nilizozitaja, lakini zile breki za kubana rimu zenyewe ni mtego wa tope. Ukiipata yenye breki za diski, chukua. Phoenix ni ya kubebea mzigo, iacheni ifanye kazi yake.

Kama tayari umenunua iliyobana, usiiuze kwa hasira. Rudi kwenye tairi la 35 lenye meno yaliyoachana. Meno madogo yaliyosongamana hushika udongo na hayauachii. Utasikia mawe zaidi mikononi, lakini utafika. Bandika plastiki ngumu ya kulinda fremu kwenye miguu ya nyuma kabla ya safari ya kwanza, siyo baada yake kama nilivyofanya mimi. Na madigadi ya kubana tairi yaache nyumbani, kwa sababu yanakula nafasi ile ile unayoitafuta.

Na hawa wauzaji. Siku hizi kila baiskeli yenye hendeli zilizojikunja kama pembe za kondoo inaitwa graveli, na neno hilo peke yake linaongeza laki tatu, nne kwenye bei. Nimekuta baiskeli ya lami tupu, tairi la 28, imefungwa matairi ya vinundu na kupandishwa bei. Ukiomba mwaka wa fremu, unaambiwa "ni mpya mpya." Ukiomba picha ya nyuma ya pedeli, unatumiwa picha ya hendeli. Mwingine alinitajia bei kwa dola, na huku kanuni za 2025 zimekataza bei za humu nchini kutangazwa kwa fedha za kigeni. Nilipomkumbusha akaacha kujibu meseji.

Lililoniuma zaidi lilitokea Agosti, nilipomsindikiza rafiki yangu kununua. Nilitoa elenkii yangu nipime, mwenye duka akaniambia nitakwaruza rangi. Nikamwomba apime mwenyewe kwa mkono wake, akakataa, akasema wateja wengine hawana maswali haya. Baiskeli ilikuwa ya milioni 4. Tulitoka, na rafiki yangu bado anatafuta. Mwenye Revolt ya 2022 au ya baadaye, saizi M, aniandikie, na picha ya kwanza iwe ya nyuma ya pedeli, tairi likiwa limefungwa.