Nilizunguka Belém juu ya Segway, leso kiunoni

Nianze na nguo, maana ndilo swali nililoulizwa na kila mtu niliyemtumia picha za ziara yangu ya Lisbon, Ureno: buibui uliwezaje? Buibui na Segway, kile chombo cha umeme cha magurudumu mawili unachokipanda kwa kusimama, havipatani. Pale pa kukanyagia pako baina ya magurudumu mawili mapana, na ukiinama mbele kidogo tu, upindo wa nguo unakwenda kutafuta gurudumu wenyewe bila ya kuitwa. Nilipofika ofisini kwa wenye ziara, kijana aliyekuwa akigawa helmeti aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akamtazama mwenzake, wakasemezana Kireno. Mpwa wangu, anayesoma huko mwaka wa tatu sasa, akanitafsiria: "Shangazi, wanauliza kama una suruali." Suruali ninayo, ndani, mimi si mtoto. Nikatoa leso mkobani, nikapandisha buibui hadi magotini, nikajifunga kibwebwe kama ninayekwenda kupika biriani la watu mia mbili. Kijana akainua dole gumba. Basi, dada zangu, inawezekana. Leso tu msisahau.

Haya, ziara yenyewe. Ni Lisbon, Ureno, mtaa wa Belém, kando ya mto Tejo pale unapojiandaa kuingia baharini. Tulipanda treni Cais do Sodré, haikutimia dakika kumi tukashuka. Yuro 45 kwa kila kichwa, saa moja na nusu, watu sita na mwongozaji mmoja. Jina la kampuni silitaji kwa sababu nitawasema, na kuna mtu pale alinihudumia vizuri ambaye sitaki apate matatizo kwa ajili yangu. Mimi nilikwenda Lisbon kumwona mpwa wangu, na goti langu la kushoto halikuwa limearifiwa kwamba mji ule ni vilima vitupu. Siku ya tatu nikagoma. Ndipo mtoto akaja na wazo lake: "Utasimama tu, Shangazi. Mashine ndiyo itakayotembea."

Aliniambia nusu ya ukweli. Kusimama ndiko kazi. Goti halikulalamika, lakini nyayo zilikufa ganzi nusu ya safari, kwa sababu mtu mgeni wa chombo kile hubana vidole vya miguu kama ndege aliye juu ya waya. Mvae viatu vya soli nene. Mimi nilivaa makubadhi, na nimejilaumu mwenyewe.

Kabla ya kupanda waliniuliza uzito, tena mbele ya watu. Nilitaka kukasirika, lakini kijana akanieleza: mashine ile inataka mtu asiyepungua kilo 45 wala kuzidi 118, maana uzito wako ndio usukani wake. Akiwa mwepesi mno haimsikii, akiwa mzito mno inashindwa kumzuia. Nikamtajia. Mpwa wangu aliangalia pembeni, kwa adabu.

Segway haina breki wala ekseleta. Ukitaka kwenda unaegemea mbele, kidogo tu, kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani. Ukitaka kusimama unajirudisha nyuma, kama umeonekana. Ndani mna vihisio vinavyopima mwinamo wa mwili wako wakati wote, na mota za umeme zinayasogeza magurudumu yaufuate uzito wako usianguke. Kona unaikata kwa kulaza mti wa usukani upande unaotaka. Maelezo ni mepesi hivyo. Nilipopanda, nilitazama miguu yangu, nikaukamata usukani kama mwizi, nikazunguka kama pia mara tatu palepale. Mwongozaji alinishika kiwiko akaniambia, "Usitazame chini, tazama mto." Nikatazama mto. Na wallahi, mashine ikatulia. Kumbe ni mambo ya dau: magoti yawe legelege, macho mbele, na chombo ukiache kifanye kazi yake. Watu wa pwani tuna faida hapo. Yule Mjerumani wa kundi letu, mtu mrefu wa mazoezi, alisimama kama mlingoti na akateseka mpaka mwisho.

Kushuka nako kuna desturi yake: mguu mmoja nyuma kwanza, wa pili ufuate, na usukani usiuachie mpaka uambiwe. Mjerumani aliuachia. Mashine ikaondoka zake hadi ukutani kama mbuzi aliyekata kamba.

Mafunzo yalichukua dakika kumi. Hayakutosha. Kwa watu sita, wawili wetu tukiwa tumevuka miaka hamsini, nusu saa ingekuwa haki. Kwenye kile kisaa cha usukani palikuwa na picha ndogo ya kobe, maana yake mashine imefungwa isikimbie, na mimi nilimwomba mwongozaji kobe wangu asimwondoe. Wengine aliwaondolea baada ya robo saa. Ikifunguliwa inafika kilomita 20 kwa saa, na ukitaka kupita hapo usukani unainuka na kukusukuma nyuma wenyewe.

Sasa neno juu ya hali ya mashine, na hili ndilo la kuuliza kabla ya kulipa popote duniani. Segway za namna hii zilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kiwanda kikaacha kuziunda mwaka 2020. Kwa hivyo zinazobeba watalii leo ni wazee kama sisi, zinaishi kwa matengenezo. Yangu mpira wa kukanyagia ulikuwa umelika upande wa kulia hata mguu ukawa unateleza, na njiani betri ikawa imebaki vistari viwili. Nilipomwonyesha mwongozaji hakubishana. Alishuka kwenye mashine yake, akanipa, akachukua yangu, akawa anatuongoza polepole ili aokoe chaji. Huyo ndiye nisiyetaka apate matatizo. Mwenye kampuni, aliyeitoa mashine ile asubuhi bila ya kuitazama, ni habari nyingine.

Njia ilikuwa nzuri. Ukingo wa mto ni tambarare, mpana, upepo unatoka majini, na chombo kinateleza kama kimepakwa mafuta. Tabu ni ile sakafu yao ya vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono mithili ya mkeka. Kwa macho ni urembo. Kwa magurudumu ni mateso: meno yanagongana, helmeti inakushukia machoni, na palipochakazwa na miguu ya watu pang'avu kama sahani. Tuliambiwa kuna ziara nyingine ya Alfama, mtaa wa kale wenye vichochoro na reli za tramu. Nilikwenda kuutazama kesho yake kwa miguu, pole pole. Chukua Mji wa Kale wetu wa Mombasa, uuinamishe ubavuni mwa mlima, kisha upitishe reli. Mimi Segway pale sipandi hata nikilipwa hizo 45.

Tukafika kwenye mnara wa wavumbuzi, Padrão dos Descobrimentos, umbo la jahazi la mawe la mwaka 1960 lenye watu wamejipanga kuelekea mtoni, Mwanamfalme Henrique mbele kabisa. Vasco da Gama yuko upande wa mashariki, karibu na mbele. Mbele ya mnara, chini, kuna dira kubwa ya mawe yenye upana wa mita 50, zawadi ya Afrika Kusini ya wakati wa makaburu, na katikati yake ramani ya dunia. Tulishuka tukaegesha. Nikaenda kwa miguu mpaka kwenye ubavu wa Afrika, nikapapasa kwa macho pale pwani inapopinda, nikasimama na makubadhi yangu juu ya kwetu. Mtalii mmoja akaniomba nisogee, anapiga picha ya Bara Hindi.

Mwongozaji akaanza somo lake: huyu hapa ndiye aliyegundua njia ya India. Nikainua mkono kama nipo darasani. Nikamwambia natoka Mombasa. "Ah," akasema, "Vasco alipita kwenu." Alipita, ndiyo. Aprili 1498. Nikamwelezea kilichoandikwa na Wareno wenyewe katika daftari la safari ile: kwamba usiku, merikebu zikiwa zimetia nanga Mombasa, watu wetu waliogelea kimya kimya wakaanza kuzikata kamba za nanga, na mabaharia wa zamu waliposikia maji yanachezewa walidhani ni jodari.

Kijana alicheka. Kwa bahati mbaya alikuwa amesharudi juu ya mashine yake, na kucheka kunainamisha mwili, basi mashine ikaondoka naye mita tatu huku akicheka. Aliporudi nikammalizia: Malindi ndiko alikopokewa vizuri, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Hiyo njia ya India ilikuwa na wenyewe. Miaka saba baadaye, 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaja na merikebu zake, Mombasa ikachomwa moto. Na ile nguzo ya Vasco iliyoko Malindi mpaka leo, Wareno huiita padrão, neno lilelile la mnara huu.

Hakuwa anayajua, na hakujifanya anayajua. Aliuliza maswali, mengine mazuri. Mwisho akanionyesha kiuno changu: hayo maandishi ya kwenye nguo yanasema nini? Nikainama kutazama, maana asubuhi niliivuta leso ya juu tu sandukuni. MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nikamtafsiria.

Akafikiri kidogo. "Na mlipona?" akauliza.

Nikaegemea mbele, nikaondoka.

Kwenye Mnara wa Belém tulikaa dakika chache, kwa nje. Ni wa miaka ya 1510, umesimama majini kama Fort Jesus iliyokonda. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe kifaru: chini ya kibanda kimoja cha mlinzi pana kichwa cha kifaru cha jiwe kilicholika kwa upepo na chumvi, kumbukumbu ya kifaru hai aliyeletwa Lisbon kutoka India mwaka 1515. Bila ya kuonyeshwa utadhani ni jiwe lililovunjika. Kisha tukageuza kuelekea daraja jekundu la 25 de Abril. Nikiwa mbali nilidhani nasikia nyuki; ni magari yanayopita juu ya sakafu yake ya vyuma. Tarehe hiyo ni ya mapinduzi yao ya 1974, yaliyowafungulia Msumbiji mlango wa uhuru mwaka uliofuata. Hapo upepo ulikuwa mkali, nikashika mtandio kwa mkono mmoja, jambo lisilofaa kabisa juu ya chombo kile. Pini, dada zangu, pini nne. Na mwende asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Malalamiko yangu makubwa ni tangazo. Waliandika kwamba katika ziara utaliona kaburi la Vasco da Gama. Kaburi limo ndani ya kanisa la Jerónimos, na Segway haziingii kanisani. Tulilipita nje, tukaonyeshwa ukuta kwa kidole. Ukuta ni mzuri, sikatai. Umechongwa kamba na matumbawe kila pembe, na fedha za kuujenga zilitokana na ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, kwa hivyo nina haki ya kuutazama bure. Lakini usimwandikie mtu kaburi ukampa ukuta. Nilipowaambia ofisini walisema maneno yale yanatafsirika hivyo kwa Kiingereza tu. Mpwa wangu akawasomea ya Kireno. Yalikuwa yaleyale. Hawakurudisha hata senti.

Nyota zangu: mwongozaji tano, njia tano, mashine mbili, tangazo sufuri. Mwenye magoti mabovu na kichwa kizima aende, ila achague Belém ya ukingoni, aulize mpira wa kukanyagia na betri kabla ya kutoa pesa, na asikubali mafunzo ya dakika kumi.

Tulikula vile vitobosha vyao vya maziwa na mayai katika duka linaloviuza tangu 1837, vya moto, mdalasini juu, nikala vinne. Kisha tukaenda kanisani kwa miguu. Msiende Jumatatu, panafungwa. Mpwa wangu alimwuliza mlinzi foleni ya igreja, yaani kanisa kwa Kireno, ni ipi, nami nikasikia gereza, nikashtuka. Ndilo neno lenyewe. Wareno walikuwa na kanisa lao ndani ya Fort Jesus. Sisi neno tukalichukua, na ngome ileile Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Hata leso niliyojifunga ni lenço ya kwao.

Kaburi liko karibu na mlango. Amelala chali, wa jiwe, juu ya simba sita, mikono ameikutanisha kifuani kama anayeomba dua. Nyayo zangu bado zilikuwa zinatetemeka kwa vile vijiwe.

"Basi huyu ndiye waliyemwendea usiku na visu," nikasema.

"Shangazi, shusha sauti."