Lipa Namba kwa Muuza Michoro ya Nguo: Uzoefu Wangu

Mimi ni fundi cherehani wa Morogoro, na kwa miaka mitatu sasa, mbali na nguo ninazoshona kibandani kwangu, ninauza michoro ya kukatia nguo kwa njia ya mtandao. Mteja wangu hapokei gauni wala shati. Anapokea faili ya PDF yenye vipande vyote vya vazi, yaani mbele, nyuma, mkono, kola na mfuko, katika saizi kadhaa, kisha anaichapisha kwenye karatasi za A4, anaziunganisha kwa gundi na kukata kitambaa kwa kuzifuata. Maoni haya yanahusu huduma moja tu, lipa namba ya mtandao wa simu, yaani namba fupi ya biashara ambayo mteja huilipa kwa fedha za kwenye simu yake, kwa sababu ndiyo iliyoinua mauzo yangu kuliko tangazo lolote nililowahi kulipia, ingawa si kwa namna niliyoitarajia nilipokuwa najisajili.

Nilianza na duka la mtandaoni la nje ya nchi, ambalo sitalitaja jina. Kwa muuzaji lilikuwa duka zuri: unapandisha faili, unaweka picha na bei, na mnunuzi akishalipa faili inamfikia yenyewe hata kama umelala. Lakini malipo yake yalikuwa ya kadi ya benki peke yake, na bei ilisomeka kwa dola. Wateja wangu ni mafundi wa Ifakara, Kilosa, Makambako na Tandika, watu wenye cherehani ya kukanyaga na simu janja, ambao fedha zao ziko kwenye simu. Niliona katika kumbukumbu za duka kwamba watu walifungua ukurasa wa mchoro, wakafika hadi mahali pa kuandika namba za kadi, kisha wakaondoka. Katika miezi mitano niliuza nakala 11, na nne kati ya hizo zilinunuliwa na Mtanzania mmoja aishiye Maskat. Niliamini kwamba kikwazo ni bei, nikaishusha mara mbili, na hali haikubadilika hata kidogo. Nilichelewa kutambua jambo lililokuwa wazi, kwamba asiye na kadi hawezi kulipa hata dola 1.

Baadaye nilihamia kwenye njia ambayo kila mtu anaijua: niliandika namba yangu ya kawaida ya simu chini ya picha ya mchoro. Mauzo yalipanda, na usumbufu ukapanda pamoja nayo. Karibu kila mnunuzi aliniuliza, "Dada, na ya kutolea niweke shilingi ngapi?", kwa kuwa kwetu ni ustaarabu anayetuma fedha aongeze gharama ya kuzitoa kwa wakala. Swali hilo linaonekana dogo, lakini kwa bidhaa ya shilingi 5,000 lina uzito wake, maana mteja aliyekwisha kuamua kununua anaanza kupiga hesabu upya, na anayepiga hesabu upya saa nne usiku, bando likielekea kuisha, huahirisha hadi kesho. Wengi wa waliosema kesho sikuwasikia tena. Zaidi ya hayo, jina lililotokea kwenye simu yake lilikuwa langu la kwenye kitambulisho, wakati tangazo lilibeba jina la biashara, na wapo walioniandikia wakiuliza huyu mama ni nani. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilitapeliwa katika kipindi hicho hicho: mtu alinitumia picha ya ujumbe wa muamala, wenye kiasi sahihi na kumbukumbu namba iliyopangika vizuri, nikamtumia faili tatu kabla sijaangalia salio. Hakuna senti iliyokuwa imeingia.

Kupata lipa namba kulinichukua siku nne. Nilipeleka namba yangu ya NIDA, namba ya mlipakodi na nakala ya leseni ya biashara, nikapewa namba fupi pamoja na bango la kubandika ukutani, jambo lililonichekesha kwa kuwa biashara hii haina ukuta. Nililipiga picha nikaiweka kwenye kila tangazo. Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mnunuzi anaingiza namba na kiasi, na kabla hajaweka namba yake ya siri simu inamwonyesha jina la biashara lilelile aliloliona kwenye tangazo. Habari ya kutolea imekwisha, kwa sababu fedha zinaingia katika akaunti ya biashara na ninazitoa mwenyewe kwa wakati wangu. Mwanzoni nilihofia wateja wa mitandao mingine, lakini malipo yao yanapita, maana siku hizi benki na kampuni za simu zimeunganishwa na mfumo wa TIPS wa Benki Kuu ya Tanzania. Katika mwezi wangu wa kwanza wa kutumia lipa namba niliuza nakala 38, na bei ilikuwa ileile ya mwezi uliotangulia.

Hata hivyo, faida niliyoitambua baadaye ndiyo iliyozidi, nayo ilitokana na shida. Ujumbe wa malipo hunionyesha aliyelipa na kiasi alicholipa, lakini hauniambii amelipia mchoro upi, na mteja naye husahau kusema. Nilitatua hilo kwa bei. Sketi ya shule niliipa shilingi 4,100, shati la shule 4,200, suruali ya mtoto 4,300, kanzu 5,400, gauni la kitenge 5,600, na kuendelea, ili pasiwe na michoro miwili yenye bei moja. Tangu hapo kiasi chenyewe ndicho kinachotaja bidhaa. Shilingi mia hizo hakuna mteja aliyewahi kuzilalamikia, na nilipoomba taarifa ya miamala ya miezi sita niliweza, kwa mara ya kwanza, kuhesabu kila mchoro umeuzwa mara ngapi bila kutegemea kumbukumbu ya kichwa changu, ambayo ilikuwa inanidanganya.

Ilikuwa inanidanganya kwa sababu nilidhani biashara yangu ni magauni ya sendofu. Hayo ndiyo niliyoyapenda, ndiyo niliyoyapiga picha nzuri na kuyatangaza, na ndiyo yaliyopata sifa nyingi. Taarifa ya miamala ilionyesha kuwa gauni nililolichora kwa wiki tatu lilinunuliwa mara sita, wakati sketi ya shule ya marinda, niliyoichora kwa siku mbili nikiwa na haraka, ilinunuliwa mara 71, na nyingi ya nakala hizo zilitoka kati ya Novemba na mwanzo wa Januari, mafundi wanapopokea oda za sare kabla ya shule kufunguliwa. Ukifikiri, sababu iko wazi. Gauni la sendofu fundi hushona moja kwa vipimo vya bibi harusi mmoja, na kulichora mwenyewe ni sehemu ya ufundi wake; sare anashona thelathini, na mchoro wenye saizi zote kuanzia mtoto wa darasa la kwanza humwokolea siku nzima ya kupima na kukata. Niliacha kuchora magauni mapya kwa mwaka mzima. Nilichora sare, makoti ya wauguzi na aproni za mama lishe, na nikafungasha sketi, shati na sweta la kitambaa katika faili moja kwa bei nafuu kuliko kununua kimoja kimoja. Mauzo ya sasa yanasimama juu ya michoro hiyo isiyovutia macho.

Lipa namba haikunisaidia katika jambo moja lililokuwa likinipotezea wateja kimyakimya, yaani uchapishaji, na nalieleza hapa kwa sababu anayeuza faili ya kuchapishwa atakutana nalo. Fundi mmoja alinipigia simu kwa hasira akasema shati limebana kifuani. Nilipomwomba apime mchoro kwa futi kamba tukagundua kwamba kijana wa stesheneri alikuwa amechapisha kwa mpangilio unaopunguza ukurasa ili uenee ndani ya kingo za karatasi. Kupungua kwa asilimia 3 hakuonekani kwa macho kwenye karatasi moja, lakini kwenye kifua cha inchi 40 ni zaidi ya inchi 1, na shati tayari halivaliki. Mara nyingine mashine imewekwa kwenye karatasi ya Marekani, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa karibu sentimita 2, na mistari ya kuunganishia haikutani.

Sasa ukurasa wa kwanza wa kila faili una mraba wa inchi 2 kwa inchi 2, na juu yake nimeandika kwa herufi kubwa: chapisha ukurasa huu peke yake, pima mraba, na kama haujatimia inchi 2 usiendelee. Chini yake kuna maelekezo ya sentensi mbili ambayo fundi anamwonyesha kijana wa stesheneri bila kulazimika kuyaelewa yeye mwenyewe. Pia nilitoa mchoro mmoja bure, wa kofia ya mtoto, wenye kurasa mbili tu, ili mtu ajifunze kuchapisha na kubandika kabla hajatoa fedha yake. Malalamiko yamepungua hadi moja au mawili kwa mwezi, na wengi wanaochukua kofia hurudi kununua ndani ya wiki mbili. Ningeanza na mraba huo, ningejiepusha na matangazo mengi niliyoyalipia bure.

Kuhusu watu kusambaziana faili, nimekubali kwamba siwezi kulizuia kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inanilinda kwa maandishi, lakini siwezi kumpeleka fundi wa Kilosa mahakamani kwa shilingi 4,100. Ninachofanya ni kuandika jina la mnunuzi na tarehe kwenye kila ukurasa kabla ya kumtumia, kazi ya dakika moja kwa programu ya bure. Mtu hasiti kusambaza faili isiyo na mwenyewe, ila husita kusambaza yenye jina lake. Kwa kuwa lipa namba hunionyesha jina la aliyelipa, sihitaji kumuuliza, na wapo waliofurahi kuona majina yao yamechapishwa, wakadhani ni heshima. Sikuwasahihisha.

Nitaje na upungufu. Kwanza, huduma hii inapokea malipo tu, haitumi faili. Anayelipa saa tano usiku anasubiri hadi niamke, na mwanzoni wengine waliamka wakiwa wameshaniita tapeli. Nimeandika wazi kwenye tangazo kwamba malipo ya baada ya saa tatu usiku yanajibiwa saa 12 asubuhi, na lugha imetulia. Pili, kurudisha fedha si kubonyeza kitufe: ninamtumia mteja kwa muamala mpya, na makato ya kutuma ni yangu. Tatu, kuhamisha fedha kutoka akaunti ya biashara kuna makato yake, hivyo ni busara kuziacha zikusanyike badala ya kuzitoa kila jioni kama nilivyokuwa nafanya. Nne, kwa walio nje ya nchi bado si suluhisho. Wateja wachache wa Mombasa na Nairobi wananitumia kwenye namba yangu ya kawaida kutoka M-Pesa ya Kenya, na yule ndugu wa Maskat siku hizi anamwagiza dada yake aliyeko Tanga alipe kwa niaba yake.

Kwa anayeuza nakala kumi kwa siku kwenda juu, kutuma kwa mkono kutamchosha, na huyo atafute duka linalopokea fedha za simu na kutuma faili lenyewe, hata kama linachukua asilimia fulani. Mimi natuma kati ya tatu na nne kwa siku, isipokuwa Desemba, ambapo binti yangu hukaa na simu nami nikabaki kwenye cherehani. Desemba iliyopita tulitengeneza daftari la bei kwa ajili yake, na ndani ya siku mbili alikuwa amelikariri: likiingia 4,100 anaita "sketi!" kabla hajasoma jina, na faili inaondoka.