Kumbe hata softi kopi huisha: uzoefu wangu na rafu ya pamoja ya vyuo

"Mama, hicho kitabu kimeisha."

Ndivyo nilivyojibiwa kaunta ya maktaba, na ndiyo sababu naandika haya. Tunazungumzia softi kopi. Si kwamba kimeibwa, si kwamba kimenyofolewa kurasa, si kwamba kuna mtu wa mwaka wa tatu amekikalia tangu muhula uliopita kama tulivyozoea. Kitabu kisicho na karatasi kimeisha. Nikamuuliza yule kijana kimeisha kivipi, kimeliwa na mchwa? Hakucheka. Hata simu hakuiweka chini.

"Siku zake zimeisha. Jaribu mwezi wa saba."

Mwezi wa saba! Andiko langu la utafiti lilitakiwa kwa msimamizi wiki ile ile.

Kwa wasiojua: chuo ninachosoma (sitakitaja, bado nahitaji cheti chao) kimejiunga na vyuo vingine vichache wakaanzisha wanachokiita rafu ya pamoja. Kila chuo kinachanga, vitabu vya mtandaoni vinanunuliwa kwa pamoja, mwanafunzi wa chuo chochote kati ya hivyo anaingia kwa namba yake ya usajili. Wiki ya kusajiliwa tulifanyiwa semina nzima kuhusu jambo hili, maji ya chupa tukagawiwa. Tukaonyeshwa kwenye ukuta kitabu cha takwimu za tiba ambacho nakala yake ya karatasi inauzwa bei ambayo mshahara wa muuguzi hauisogelei. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu.

Na niseme ukweli, miezi ya mwanzo sikuwa na neno. Nasoma uzamili wa afya ya jamii huku niko kazini. Muda wangu wa kusoma ni zamu ya usiku wodi ikitulia, au nyumbani watoto wakishalala, nikiwa na bando la usiku. Maktaba ya matofali na mimi hatukutani. Ungeniuliza wakati ule ningekupa nyota tano bila kufikiri.

Sasa sikilizeni usiku wenyewe. Niko kwenye sura ya ukubwa wa sampuli, nimefika kwenye fomula, nusu yake nimeshaiandika daftarini: Z ya mraba, mara p, mara moja toa p. Hiyo p ni makadirio ya sehemu ya watu wenye jambo unalolichunguza, na nilitaka kuona mwandishi anashauri iwe ngapi pale ambapo hakuna utafiti uliotangulia. Nikaitwa, dripu ya mgonjwa imeacha kushuka. Nikaenda, nikaishughulikia, nikanawa mikono, nikarudi. Kitabu hakifunguki. Jalada naliona, orodha ya sura naiona, nikibonyeza sura yenyewe inakuja sentensi ya Kiingereza chenye adabu nyingi kwamba kitabu hiki hakipatikani kwa sasa. Nikajaribu kwenye simu. Nikazima, nikawasha. Nikatoka, nikaingia upya, nikabadilisha hadi pasiwedi. Bando linaliwa, kitabu kimegoma.

Asubuhi nikatoka zamu moja kwa moja hadi chuoni, sare ya kazi ndani ya sweta, macho mekundu. Kijana wa kaunta ni rika la mdogo wangu wa mwisho. Shikamoo hakutoa. Sidai shikamoo, lakini hata "karibu" ya bure? Baada ya kuniambia hilo la mwezi wa saba nikamuuliza mbona hatukuambiwa kwamba vitabu vina siku.

"Ipo kwenye masharti."

"Masharti yako wapi?"

Akanielekeza kwa mdomo kwenye kompyuta ya kona. Kompyuta ilikuwa imezimwa, juu yake pamewekwa katoni ya karatasi.

"Sasa nifanyeje, kaka yangu?"

"Kaangalie stesheneri pale nje ya geti. Wanacho."

Naomba msome tena hapo. Mtumishi wa maktaba, ndani ya maktaba, amekaa chini ya bango linalokataza kudurufu kitabu kizima, ananituma kununua fotokopi ya kitabu ambacho chuo chake kimekilipia. Nami nikaenda, maana msimamizi wangu hajui habari za stesheneri wala mwezi wa saba. Kweli wanacho, kimefungwa kwa spairo, shilingi mia kwa ukurasa kama unataka sura moja. Toleo la zamani, na aliyekitoa kopi alikilaza vibaya kwenye mashine, kwa hiyo upande wa kulia wa kila ukurasa umekatwa. Fomula yangu ipo, p yake haionekani.

Nikarudi maktaba nikiwa sasa natafuta ugomvi, si kitabu. Nikapanda ghorofa ya juu kwenye ofisi za ndani, nikamkuta mama mkutubi mmoja anapanga majalada. Kabla sijafungua mdomo akatazama sare yangu, akasema, "Pole sista, umetoka zamu? Kaa kwanza." Jamani, kuna watu wanajua kumvua mtu silaha.

Huyo ndiye aliyenieleza kitu ambacho semina na maji yake ya chupa hawakukieleza. Kitabu cha karatasi maktaba ikikinunua ni chake. Inakiazimisha hadi kichakae, inaweza hata kukituma chuo kingine kikasomwa kikarudi, mchapishaji hana la kusema. Softi kopi hainunuliwi hivyo, inanunuliwa leseni. Kuna leseni ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja, kuna ya watatu, kuna ya watu wote bila kikomo ambayo bei yake inatisha, na vitabu vingine haiuzwi kabisa. Na kuna hii waliyotuchukulia sisi: watu wengi mnaweza kusoma kwa wakati mmoja, ila kwa mwaka mzima kitabu kina siku 325 za kuazimwa. Mtu mmoja akikifungua na kupitiliza zile dakika chache za kuonja, saa 24 zimeandikwa jina lake na siku moja imekatwa, hata kama alitaka tu kunakili mwaka wa toleo.

Pigeni hesabu. Darasa letu tuko kama arobaini. Mwalimu akitoa kazi moja ya kufanya jioni moja, siku arobaini zimeondoka kabla jua halijachomoza. Vyuo vingine navyo vina madarasa na vina walimu wanaotoa kazi. Kwa hiyo kadiri hiyo rafu inavyounganisha watu wengi, ndivyo kitabu kinavyokwisha mapema. Ni bando kabisa, isipokuwa bando linanitumia meseji kwamba limebaki kidogo.

Akaingia kwenye kompyuta yake akaniangalizia. Saa zangu 24 za usiku wa kabla ziliisha wakati nahangaika na dripu. Na ilikuwa ndiyo siku ya mwisho iliyokuwa imesalia kwa mwaka mzima. Yaani mimi ndiye niliyelamba chungu. Akacheka, nami nikacheka, halafu nikakumbuka sicheki.

Hapo hasira ikahama kutoka kwa kijana wa kaunta ikaenda kwa wachapishaji, na siku zilizofuata nikawa nafukua habari zao badala ya kuandika. Kumbe hata wenye hela wanalia. Marekani kuna muungano wa maktaba za vyuo unaitwa Orbis Cascade, wa majimbo ya Oregon, Washington na Idaho. Mwaka 2011 walianza kununua vitabu vya mtandaoni kwa pamoja, na ili nakala moja isomwe na vyuo zaidi ya thelathini wakakubaliana na wachapishaji kuilipia mara tano ya bei ya kawaida. Hesabu nzuri kwa maktaba. Ilipofika 2014 wachapishaji kadhaa wakapandisha bei za kuazima kitabu kwa siku chache bila kukinunua, na bajeti za maktaba zikatetereka. Mwaka 2022 ndiyo kali zaidi: mchapishaji Wiley aliondoa vitabu zaidi ya 1,300 kwenye mkusanyo mmoja ambao vyuo vingi vilikuwa vinaulipia, tena mwishoni mwa Agosti, walimu wameshapanga masomo kwa vitabu hivyo. Kelele zikapigwa, vikarudishwa kwa muda tu, hadi katikati ya mwaka uliofuata. Fikiria mwalimu wa huko asubuhi ya kwanza ya muhula. Huyo namwelewa kabisa.

Basi nikasema wakutubi wetu nimewaonea, wanapigana na watu wakubwa. Nikawa tayari kuandika nyota tatu na kuomba watu wawe wapole.

Lakini nikifikiri upande wa majarida, hasira inarudi. Huko ushirikiano unafanya kazi na sisi sote tunafaidi. Kuna miungano ya maktaba: Kenya wana KLISC tangu 2003, Uganda wana CUUL, sisi tuna COTUL: vyuo vinakaa meza moja na wachapishaji badala ya kila kimoja kwenda kubembeleza kivyake. Afya tuna Hinari, mpango wa kusoma majarida ya afya mtandaoni, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, na kwa nchi kama Tanzania taasisi haitozwi. Nimesoma makala kupitia Hinari usiku wa manane wodini, nikapakua, nikahifadhi kwenye simu, hakuna aliyeniambia makala imeisha. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Hii rafu yetu ndogo ina mtu aliyesaini leseni ya siku 325 huku akijua vyuo viko vingapi na wanafunzi wangapi. Au hakujua? Sijui lipi baya zaidi. Kama hela ilikuwa ndogo, bora wangenunua vitabu vichache vyenye leseni ya watu wote kuliko kutuonyesha ukutani maelfu ya majalada yanayofungwa katikati ya mwaka.

Nilimwambia mama mkutubi hayo hayo, kwa sauti ya chini kidogo. Akasema kwenye vikao wamelisema, chuo chenye wanafunzi wengi kinataka siku nyingi, chuo kidogo hakitaki kuchangia siku za watoto wa wenzake. Yaani hata kwenye kitabu kuna ugomvi wa nani amekula sana.

Halafu akafanya jambo ambalo linaniharibia hasira yangu kila nikilikumbuka. Akapiga simu chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa, mwenzao kwenye huo mpango, ambacho kina nakala ya karatasi ya kitabu hicho, toleo jipya. Akaomba sura moja tu, ya ukubwa wa sampuli. Akaniambia niende nikalale. Kesho yake jioni kwenye barua pepe yangu kulikuwa na picha za kurasa, moja baada ya nyingine, zimepigwa kwa simu. Zimepinda kidogo, na kwenye ukurasa wa fomula kuna kidole gumba chenye rangi ya kucha nyekundu iliyobanduka, kinashikilia karatasi isijifunge. Kuna dada huko, simjui wala hanijui, alisimama kati ya rafu akapiga kurasa zote za sura ile kwa ajili ya muuguzi wa mkoa mwingine. Na p ni 0.5 kama hujui kitu, kwa sababu ndiyo inayotoa sampuli kubwa kuliko zote. Andiko likaenda kwa wakati.

Sasa nitoe nyota ngapi? Mama mkutubi na yule dada wa rangi ya kucha ni tano kila mmoja. Kijana wa kaunta sina nyota yake, nina mboko. Rafu yenyewe nilisema tatu, nikashusha mbili, na nikiwaza kwamba kilichoniokoa ni kitabu cha karatasi ambacho hata hakimo kwenye hiyo rafu, nashusha moja. Halafu mwezi wa saba ukafika, siku zikajazwa, nimekifungua tena usiku wa manane, kimefunguka fyaa, nikasoma hadi alfajiri bila bughudha. Mbili, basi. Mbili na nusu kwa sababu nimelala vizuri leo.

Nilipopita ofisini kumshukuru mama nilimwomba jambo moja tu: pale kwenye jalada la kitabu, kabla mtu hajabonyeza, waandike siku zilizobaki. Akasema namba hiyo mfumo wa muuzaji unawaonyesha watumishi peke yao, mwanafunzi haioni. Nikamwambia basi kila Jumatatu waichapishe kwenye karatasi waibandike mlangoni, karatasi tunazo, ziko juu ya ile kompyuta ya kona.

Amesema atalipeleka kikaoni.