Kuzalisha farasi katika Minecraft: rangi tele, urithi wa kubahatisha

Farasi waliingia katika Minecraft, mchezo wa video wa kujenga dunia ya vitalu, mwaka 2013, na kwangu kuwazalisha bado ni miongoni mwa kazi zinazovutia zaidi katika mchezo huo. Zipo rangi saba za mwili na aina tano za alama, ukihesabu pia kutokuwa na alama yoyote, hivyo mchezaji mwenye subira anaweza kujaza zizi lake farasi 35 wasiofanana. Ninayoyaeleza hapa yanahusu toleo la Java, yaani lile la awali la kompyuta.

Utaratibu ni mwepesi: unawafuga farasi wawili, unawalisha karoti za dhahabu, na mtoto anazaliwa papo hapo. Rangi na alama hurithiwa kila moja kivyake, jambo ninalolisifu, kwa kuwa hata kwa farasi halisi mabaka meupe hutawaliwa na jeni tofauti na zile za rangi iliyo chini yake. Kila mzazi ana nafasi 4 kati ya 9 za kumpa mtoto rangi yake, na nafasi moja iliyobaki ni bahati nasibu ya rangi zote saba. Kwa alama, kila mzazi ana nafasi 2 kati ya 5, na moja ni ya kubahatisha. Kwa hiyo anayemtaka mtoto mweusi mwenye vitone vyeupe kutoka kwa wazazi wasio na weusi wala vitone hivyo anangojea nafasi 1 kati ya 1,575. Akianza na mzazi mmoja mweusi na mwingine mwenye vitone, atampata takriban mara moja katika kila uzao wa tano, na hiyo ndiyo njia ninayoishauri.

Kinachonisikitisha ni kwamba farasi hawa hawabebi chochote kilichofichika. Rangi ya babu ikikosekana kwa wazazi imepotea, na ikirudi ni kwa bahati tu. Katika maisha halisi wekundu wa farasi hutokana na nakala mbili za jeni inayojificha, ndiyo maana wazazi wawili wekundu hawazai mtoto mweusi. Katika mchezo wanaweza. Vilevile uzuri hapa hauna gharama, ilhali farasi halisi mwenye nakala mbili za jeni ya madoa ya chui haoni gizani, na mtoto anayerithi nakala mbili za jeni ya mabaka ya aina ya overo huzaliwa mweupe, utumbo wake ukiwa hauna neva za kutosha, akafa baada ya siku chache. Katika mchezo hata dume na jike hawatofautishwi.

Kwa anayependa kukusanya farasi wa kila sura, ninaupendekeza mchezo huu bila kusita. Mwalimu wa baiolojia asiutumie kama kielelezo cha urithi, ila anaweza kuwaonyesha wanafunzi wale wekundu wawili na mtoto wao mweusi, kisha awatake waeleze kosa liko wapi.